UCHAMBUZI: Udogo wa kidonda si kipimo cha tiba ya kifundo cha mkono

MWENDESHAJI bodaboda anapoanguka, aghalabu hutanguliza kiganja ili kuukinga uso. Hunyanyuka, akajipangusa vumbi, akaukanda mkono kwa maji moto jioni na kesho yake akarudi barabarani. Miaka kadhaa baadaye, mkono ule ule hauwezi tena kukaza mpini wa pikipiki wala kuinua mtungi wa maji bila maumivu makali.

Anapofika hatimaye katika kliniki ya mifupa, huelezwa kwamba ana baridi yabisi ya kifundo cha mkono na kwamba dawa za kutuliza maumivu zimefika kikomo. Kilichosalia ni kisu. Hapo ndipo huzuka swali ambalo limekuwa likiulizwa zaidi na zaidi na wagonjwa: je, apasuliwe kwa njia ya matundu madogo au afunguliwe mkono kwa njia ya kawaida?

Wengi huwa wameshajijibu kabla ya kumsikiliza daktari. Wamesikia kwamba matundu madogo ndiyo tiba ya kisasa na kwamba kufunguliwa ni mambo ya kale. Kovu dogo, maumivu kidogo, kurudi kazini mapema: nani asiyetaka hayo?

Hata hivyo, ushahidi wa kitabibu hauungi mkono dhana kwamba njia moja ni bora kuliko nyingine kwa kila mgonjwa. Ukubwa wa kidonda ni jambo la pili. La kwanza ni hatua ambayo ugonjwa umefikia, na katika nchi kama yetu, hatua hiyo huamuliwa miaka mingi kabla ya mgonjwa kuingia chumba cha upasuaji.

Ili kuelewa hoja hii, ni sharti tutazame kiungo chenyewe. Kifundo cha mkono hakina bawaba moja kama mlango. Kina mifupa minane midogo iliyopangwa katika safu mbili, ikikutana na mifupa miwili ya kigasha. Mifupa hiyo imefungwa pamoja kwa kano na ncha zake zimefunikwa kwa gegedu, ile tabaka laini inayoiwezesha kuteleza bila kusagana.

Gegedu linapolika, mfupa husugua mfupa. Baadhi ya wagonjwa hupata hali hiyo kutokana na baridi yabisi ya mwili mzima, ambapo kinga ya mwili hugeuka na kuvishambulia viungo. Lakini kwa wengine wengi chanzo ni jeraha la zamani: kano iliyokatika bila kutambuliwa, au mfupa uliovunjika usiunge.

Mfupa unaosumbua zaidi ni ule ulio upande wa kidole gumba, ambao madaktari huuita skafoidi kwa kuwa umbo lake limefananishwa na mtumbwi. Mfupa huu una kasoro ya kimaumbile. Damu yake nyingi huingilia upande wa vidole na kurudi nyuma kuelekea kigasha. Ukivunjika katikati, kipande cha nyuma huweza kukosa damu na kushindwa kuunga.

Tafiti mbili zilizochapishwa nchini Marekani mwaka 1984 na 1985 zilifuatilia wagonjwa wenye mivunjiko ya namna hiyo isiyounga. Zilionyesha kwamba kadiri miaka ilivyopita ndivyo yabisi ilivyozidi kuenea katika kifundo, na kwamba waliokaa muda mrefu karibu wote walikuwa nayo.

Uharibifu huo hufuata mkondo unaojulikana. Huanza kwenye ncha ya mfupa wa kigasha upande wa gumba. Kisha huenea katika eneo lote linalouzunguka mfupa wa skafoidi. Mwishowe huingia katikati ya kifundo, baina ya safu mbili za mifupa. Hatua hizi tatu ndizo zinazopasa kuamua aina ya upasuaji.

Sasa tuitazame njia ya matundu madogo. Asili yake ni Japani. Mwaka 1918 Profesa Kenji Takagi wa Tokyo alitumia kifaa cha kuchungulia kibofu cha mkojo kutazama ndani ya goti la maiti. Mwanafunzi wake, Masaki Watanabe, aliboresha vifaa hivyo baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1979 daktari Yung-Cheng Chen alichapisha maelezo ya jinsi ya kutazama ndani ya kifundo cha mkono na viungo vya vidole.

Leo mgonjwa hufanyiwa ganzi ya mkono mzima au nusukaputi. Vidole vyake huvutwa juu kwa mizani ili kuipa mifupa nafasi. Daktari hutoboa matundu mawili au matatu, kila moja likiwa dogo kuliko ukucha, kisha huingiza kamera yenye unene wa kati ya milimita mbili na tatu. Kupitia tundu jingine huingiza vifaa vya kukwangua, kunyoa na kusafisha, huku akitazama kioo cha televisheni.

Faida zake si za kubuni. Ngozi na ala ya kiungo havikatwi sana, hivyo kovu la ndani huwa dogo na mgonjwa huweza kuanza kukunja mkono mapema. Isitoshe, daktari huliona gegedu lenyewe kwa macho na kulipima kwa kifaa, jambo ambalo picha ya eksirei haiwezi kulifanya.

Kwa mgonjwa aliye katika hatua ya kwanza, ambaye ni ncha tu ya mfupa wa kigasha inayosagana na jirani yake, ncha hiyo huweza kunyolewa kupitia matundu hayo. Kwa mwenye baridi yabisi ya mwili mzima, ambaye utando wa kiungo umevimba na haujatulia licha ya dawa, utando huo huweza kuondolewa kwa njia hiyo pia.

Lakini kuna mipaka. Kusafisha kiungo hakurejeshi gegedu lililokwisha. Kamera haina uwezo wa kuumba kilichotoweka. Mgonjwa wa hatua ya pili au ya tatu anayesafishwa tu anaweza kupata nafuu ya muda, kisha akajikuta tena kwenye foleni ile ile, mfuko ukiwa umepungua.

Njia hii ina hatari zake vilevile. Mishipa ya fahamu inayopeleka hisia mgongoni mwa mkono hupita karibu sana na mahali matundu yanapotobolewa. Ikiguswa, mgonjwa hubaki na ganzi au maumivu ya kuwasha. Kano za vidole nazo huweza kujeruhiwa. Matatizo haya huwapata wachache, ila huongezeka pale ambapo daktari bado anajifunza, na kujifunza kwenyewe huchukua muda mrefu.

Historia ya goti inatupa funzo ambalo halifai kupuuzwa. Kwa miaka mingi, maelfu ya wagonjwa wa yabisi ya goti katika nchi tajiri walisafishwa viungo kwa kamera, wakiamini wanatibiwa. Mwaka 2002 madaktari wa Houston, jimbo la Texas, walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha wagonjwa 180. Baadhi yao walisafishwa kikweli, wengine walichanjwa ngozi tu na kushonwa, pasi na kujua.

Baada ya miaka miwili, waliosafishwa hawakuwa na nafuu kubwa kuliko waliochanjwa ngozi. Utafiti mwingine uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2008 ulithibitisha kwamba kusafisha goti hakukuongeza chochote juu ya mazoezi na dawa.

Kifundo cha mkono si goti, na si haki kuhamisha matokeo hayo moja kwa moja. Goti hubeba uzito wa mwili, mkono haubebi. Hata hivyo, funzo linabaki: kidonda kidogo hakithibitishi kwamba tiba imefanya kazi. Kwa upande wa kifundo cha mkono, ripoti nyingi zinazosifia matundu madogo zinahusu makundi madogo ya wagonjwa waliotibiwa na mabingwa wachache. Tofauti hiyo ya ushahidi ni muhimu kwa anayetakiwa kutoa pesa zake.

Tugeukie upasuaji wa kufungua. Hapa daktari hukata ngozi mgongoni mwa kifundo, akasogeza kano na kuifikia mifupa yenyewe. Kovu huwa refu, uvimbe huwa mkubwa, na mkono hulazimika kutulizwa kwa wiki kadhaa.

Ila ndani ya kidonda hicho mna mambo ambayo yamepimwa kwa miongo mingi. La kwanza ni kuondoa mifupa mitatu ya safu ya nyuma ili safu ya mbele ikalie kigasha moja kwa moja. La pili ni kuondoa mfupa wa skafoidi na kuunganisha mifupa minne kati ya iliyobaki iwe kitu kimoja.

Njia hizi mbili hupunguza maumivu kwa wagonjwa wengi na kuwaachia takriban nusu ya mkunjo wa kawaida na sehemu kubwa ya nguvu ya kushika. Kuondoa mifupa ni rahisi zaidi, hakuhitaji vyuma na mkono hupumzishwa kwa muda mfupi. Kuunganisha hulinda kifundo kilichoharibika katikati, ila mifupa huweza kukataa kuunga na vyuma huweza kusumbua.

La tatu ni kukifunga kifundo kizima kwa bamba la chuma. Mkono haukunjiki tena juu wala chini, lakini kiganja bado hugeuka na vidole bado hushika. Mkulima anaweza kushika jembe, fundi anaweza kushika nyundo. Gharama yake huonekana katika shughuli ndogo ndogo: kujisafisha, kufunga vifungo, kupitisha mkono mahali pembamba. Ndiyo maana mgonjwa wa mikono yote miwili hushauriwa abakize mkunjo angalau upande mmoja.

Ipo pia njia ya kuweka kiungo bandia. Inampa mgonjwa mkunjo, lakini viungo hivyo huweza kulegea kwenye mfupa, na mwenye kiungo hicho huonywa asibebe mizigo mizito. Kwa kuli wa sokoni au mchimba mawe, onyo hilo ni sawa na kumwambia aache kazi.

Kati ya kamera na kisu kirefu kuna njia nyingine ambayo haitajwi sana katika matangazo. Kupitia mkato mmoja mfupi mgongoni mwa kigasha, daktari huweza kukata matawi madogo ya mishipa ya fahamu yanayopeleka maumivu ya kifundo kwenye ubongo. Mkono hubaki na mkunjo wake na nguvu zake, na vidole havipotezi hisia.

Njia hiyo haizuii ugonjwa kuendelea, na nafuu yake hutofautiana kati ya mgonjwa na mgonjwa. Lakini haihitaji kamera, bamba wala mtambo wa bei kubwa. Kabla ya kuifanya, daktari huweza kuidunga mishipa hiyo dawa ya ganzi ili kuona kama maumivu yatatulia. Na ikishindwa, haifungi mlango wa upasuaji mwingine. Katika hospitali ya kaunti isiyo na vifaa vingi, hii ni fursa ya kuzingatiwa.

Tukiziweka njia zote kwenye mizani, jibu huanza kujitokeza. Mgonjwa wa hatua ya kwanza ana sababu nzuri ya kuuliza kuhusu matundu madogo. Mgonjwa wa hatua ya pili na ya tatu, kwa kawaida, anahitaji mifupa yake ipangwe upya, na hilo kwa sehemu kubwa bado ni kazi ya upasuaji wa kufungua. Wapo mabingwa duniani wanaoondoa na kuunganisha mifupa hiyo kwa kamera, lakini ni wachache na kazi yao huchukua saa nyingi.

Swali basi linabadilika. Badala ya kuuliza ni njia gani iliyo bora, tunapaswa kuuliza ni kwa nini Mkenya wa kawaida humfikia daktari akiwa tayari katika hatua ya tatu.

Sababu ya kwanza ni kwamba mvunjiko wa skafoidi huweza kujificha. Picha ya kwanza ya eksirei, ikipigwa siku ya ajali, mara nyingine haionyeshi ufa. Mwongozo wa kitabibu ni kwamba mgonjwa mwenye maumivu kwenye kile kishimo kilicho chini ya kidole gumba afungwe plasta au gango, kisha apigwe picha tena baada ya siku 10 hadi 14. Katika zahanati yenye foleni ndefu, ni rahisi mgonjwa huyo kuambiwa ameteguka tu na kupewa vidonge.

Sababu ya pili ni mgonjwa mwenyewe. Anayelipwa kwa siku hawezi kukaa na plasta miezi miwili au zaidi bila kipato. Huikata kwa kisu nyumbani maumivu yanapopungua. Wengine hukimbilia waunga mifupa wa vijijini, ambao huenda wakawa hodari wa kukanda lakini hawana njia ya kuona ndani ya kifundo.

Sababu ya tatu ni umbali. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti huduma za afya, lakini mabingwa wa mifupa wamejikusanya katika miji mikubwa na katika hospitali za rufaa kama Kenyatta jijini Nairobi na ile ya Moi mjini Eldoret. Aliyebobea katika upasuaji wa mkono pekee ni adimu zaidi.

Hapa ndipo sera inapoingia. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianzisha mpango wa kukodisha mitambo kwa ajili ya hospitali za kaunti, zikiwemo mashine za eksirei na vifaa vya vyumba vya upasuaji. Wazo lilikuwa jema. Lakini kamati maalum ya Seneti iliyochunguza mpango huo ilipotoa ripoti yake mwaka 2020, ilieleza kwamba baadhi ya mitambo ilikuwa imekaa bure kwa kukosa wataalamu na miundombinu ya kuiendesha.

Kamera ya kifundo cha mkono inaweza kupatwa na masaibu yayo hayo. Inahitaji vifaa vidogo vinavyovunjika upesi, mafundi wa kuitunza, wauguzi waliofunzwa na daktari anayeitumia mara kwa mara. Hospitali inayopokea wagonjwa wachache wa aina hii kwa mwaka haitamjengea daktari wake ustadi huo. Ni busara zaidi vifaa hivyo viwekwe katika vituo vichache vya rufaa na wagonjwa wanaofaa wapelekwe huko mapema.

Bima nayo ina sehemu yake. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF, na wafanyakazi walioajiriwa wamekuwa wakikatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Kiwango cha chini kiliwekwa kuwa Sh300 kwa mwezi. Wanaochangia wana haki ya kuuliza pesa hizo zinanunua nini.

Ikiwa bima italipia upasuaji mkubwa wa hatua ya tatu lakini impe mgonjwa taabu kupata picha ya pili ya eksirei baada ya wiki mbili, basi itakuwa inalipia matokeo ya uzembe wake yenyewe. Picha moja na plasta ni nafuu mno kuliko bamba la chuma, nusukaputi na miezi ya mazoezi.

Mazoezi yenyewe yasisahaulike. Awe amefanyiwa kwa kamera au kwa kufunguliwa, mgonjwa asiyefundishwa kukunja vidole na kurejesha nguvu hupata mkono mgumu. Kovu dogo lisilo na mtaalamu wa tiba ya viungo laweza kuzaa matokeo mabaya kuliko kovu refu lililosimamiwa vyema. Gharama ya mazoezi hayo na nauli ya kuyafuata yafaa kuhesabiwa tangu mwanzo, si baada ya nyuzi kutolewa.

Kwa mgonjwa anayeketi leo mbele ya daktari, kuna maswali machache yanayofaa kutangulizwa. Mosi, ugonjwa wangu umefika hatua gani? Pili, upasuaji huu utaondoa chanzo cha maumivu au utasafisha tu? Tatu, nitabaki na mkunjo kiasi gani na nguvu kiasi gani? Nne, wewe daktari umeufanya mara ngapi? Tano, ukishindwa, kitakachofuata ni nini?

Daktari mwaminifu hatakasirishwa na maswali hayo. Atakayejibu kwamba matundu madogo ni bora kwa kila mtu, au kwamba kufungua ndiko pekee kunakofaa, atakuwa anauza anachokijua badala ya kutibu anachokiona.

Mkono ndio mtaji wa pekee wa mamilioni ya Wakenya: mchuma majani chai wa Kericho, mvuvi wa Lamu, mama mboga wa Gikomba, fundi wa mjengo wa Kitengela. Kwao, urefu wa kovu ni jambo dogo ikilinganishwa na iwapo watashika kisu, wavu au mwiko mwaka ujao.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa skafoidi huwa mwembamba kama unywele siku ya ajali, na huzibwa kwa plasta. Ukiachwa, hakuna kamera wala kisu kitakachourejesha mkono ulivyokuwa. Mjadala wa matundu na mikato una nafasi yake, ila hautakuwa na maana kubwa kwa Mkenya maskini iwapo kila mara utaanza ukuta ukiwa umekwisha kuanguka.